Majani ya Shanty Town, mikungu ya Mbuyuni: shajara ya uwanja wetu wa mboji, Moshi

Julai, mwanzoni

Eneo tumelipata. Liko upande wa chini wa mji, kuelekea Njoro, kipande ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu kimeinama. Kwetu mwinamo huo ni neema, maana maji ya mvua yatapita badala ya kutuama chini ya malundo. Tumechimba mfereji upande wa juu kuyakinga yasiingie, na shimo dogo upande wa chini la kupokea maji meusi yatakayochuruzika. Hayo tutayarudisha juu ya malundo; yakiachwa yaende mtoni tutakuwa tumehamisha uchafu tu.

Mtendaji alikuja kuangalia. Akazunguka, akasimama, akauliza, "Kwa hiyo nyie mnaomba kuletewa taka?" Tukamjibu ndiyo, ila za aina mbili tu. "Sawa. Nikisikia harufu, nafunga." Akaandika kwenye daftari lake, na sisi tukaandika kwenye letu.

Aina zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni majani makavu, nyasi zilizofyekwa na mapunguzo ya ua kutoka Shanty Town, Rau na Soweto, kwenye viwanja vikubwa na miti ya zamani. Ya pili ni mabaki ya soko la Mbuyuni: mikungu mitupu ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, maganda ya mahindi mabichi. Mji wetu unasifiwa nchi nzima kwa usafi, na ni kweli barabara hufagiliwa alfajiri. Lakini kufagia ni nusu ya kazi. Kinachofagiliwa uani kinachomwa, na kinachofagiliwa sokoni kinapakiwa kwenda dampo. Pita Shanty Town saa moja asubuhi katika baridi hii uone: moshi umelala chini ya mijakaranda, haupandi wala hausogei, na watoto wa shule wanaukatiza.

Mradi wote umesimama juu ya hesabu moja. Vijidudu vinavyoozesha vitu vinakula kaboni na kujenga miili yao kwa naitrojeni, na vinafanya kazi vizuri kaboni ikiwa sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Majani makavu ya miti yana kaboni karibu mara 60, kwa hiyo ukiyarundika peke yake yatakaa mwaka mzima yakikuangalia. Majani ya kabichi na nyasi mbichi yako chini ya mara 20; ukiyarundika peke yake yanageuka uji unaonuka, naitrojeni ikiondoka kama harufu ya mkojo. Kwa hiyo kero ya uani ni dawa ya kero ya sokoni, na kinyume chake. Zimetenganishwa na safari fupi ya gari, basi.

Julai, katikati

Malundo ya kwanza yamesimama. Tunafuata mpangilio wa tabaka unaoitwa njia ya Indore, jina la mji wa India ambako Albert Howard alifanya kazi miaka ya 1920 akitazama wakulima wa kule wanavyotumia mabaki ya shamba. Chini vijiti vya kupitisha hewa, juu yake majani makavu, halafu mabaki ya soko, samadi kidogo, udongo kiganja, kisha unaanza tena. Kimo kinafika kifuani. Lundo fupi mno halishiki joto, na refu mno linajibana lenyewe hadi hewa inaisha ndani.

Mikungu ya ndizi inasumbua. Imejaa maji na nyuzi, na isipokatwa vipande kwa panga utaikuta mizima wakati vingine vyote vimeshakuwa udongo. Tumeweka gogo la kukatia. Ni kazi ya kuchosha, tunapokezana.

Matawi makubwa hayatufikii kabisa. Mama lishe wanayawahi barabarani kabla kirikuu, gari letu dogo la mizigo, haijafika, na mimi sioni sababu ya kugombana nao. Tawi linalochemsha maharage ya mtu limeshapata kazi.

Agosti

Joto limepanda. Asubuhi ukichokonoa lundo, mvuke unatoka kama sufuria imefunuliwa. Tuna kipimajoto kimoja chenye mshale mrefu, lakini kinachotumika kila siku ni nondo: unaichomeka katikati ya lundo, unaiacha kidogo, unaichomoa na kuishika. Ukiweza kuishikilia bila taabu, lundo ni baridi mno. Ukiiachia haraka, mambo ni mazuri.

Tunachotafuta ni nyuzi 55 za Selsiasi na kuendelea, bila kuvuka sana 65. Marekani, kanuni za kuua vimelea katika mboji inayotengenezwa kwa matuta ya wazi zinataka nyuzi 55 kwa siku 15, na tuta ligeuzwe mara tano katika kipindi hicho, ili kilichokuwa nje kwenye ubaridi nacho kiingie ndani kwenye joto. Tumeamua kuufuata utaratibu huo ingawa hakuna anayetulazimisha. Sokoni kuna nyanya zilizooza na magonjwa yake, na uani kuna mbegu za magugu. Mboji iliyotengenezwa kwa ubaridi inavirudisha vyote shambani, na mkulima atakuja kutuuliza.

Unyevu tunaupima kwa mkono. Kamata, kamua. Matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, ni sawa. Yakimiminika, ongeza majani makavu. Yasipotoka kabisa, leta ndoo.

Septemba

Mwezi wa kugonga mageti. Tulidhani watu wa Shanty Town wangetukatalia kwa sababu ya kuweka viroba vya majani getini, kumbe waamuzi wenyewe si wenye nyumba. Ni vijana wa bustani. Wao ndio wanaochoma, na wanachoma kwa sababu zinazoeleweka: ada ya taka inahesabiwa bila kujali majani, gari la taka halipendi kuyabeba kwa kuwa yanajaza nafasi, na bosi anataka uwanja uwe safi kabla hajatoka kazini. Kiberiti ndiyo njia fupi. Sasa tunawaachia sulfeti tupu, tunachukua zilizojaa, na kila anayejaza bila kuchanganya na makopo anapewa mboji akapandie mchicha wake. Mpango huo umeeleweka haraka kuliko vipeperushi vyote tulivyogawa.

Mzee mmoja wa Rau, mstaafu, alitukaribisha barazani.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Nyie ndio mnaokusanya majani? Mnayalipia?"

"Hatulipi, Meku. Tunayabeba bure."

"Hapo mnanidhulumu. Kule kihambani kwetu Old Moshi, jani la mgomba halitoki nje ya masale. Linarudi kwenye shina lake. Mtu akibeba majani yako, amebeba shamba lako."

Amesema kweli, na ndiyo sababu sisi hatufiki vihambani. Mfumo wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga lenye ua wa masale, migomba juu ya kahawa juu ya maharage na magimbi, ng'ombe zizini na samadi kurudi shinani, umekuwa ukitengeneza mboji mlimani kabla ya halmashauri yoyote kuwapo. Mwenye kihamba abaki na majani yake. Tunayoyataka ni ya mjini, kwenye nyumba zenye bustani ya maua na sakafu ya saruji, ambako jani halina pa kurudi. Mzee alicheka, akatupa sulfeti moja ya majani ya mparachichi, akasema hiyo ni ya mkopo.

Faida ya kwanza inayoonekana kwa macho si mboji. Ni mitaro. Majani yasiyochomwa huko nyuma yalikuwa yanasukumwa mtaroni, na mvua ya kwanza inapokuja yanaziba makalvati na maji yanapanda barabarani. Jimbo la Illinois kule Marekani lilipiga marufuku kufukia taka za bustani dampo tangu tarehe 1 Julai 1990, na sababu kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: madampo yalikuwa yanajaa. Jani ni jepesi lakini linakula nafasi. Sisi tungeweza kuanza kwa sababu hiyohiyo, bila kungoja hoja za hali ya hewa.

Oktoba

Jakaranda zimechanua, mji ni zambarau juu na chini. Maua yake yanaoza upesi sana, tunayapenda.

Shida yetu ni plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli mji ulibadilika. Lakini vifungashio vile vyepesi vinavyoonyesha ndani vimebaki, na mabaki ya soko yakikaa usiku mmoja kwenye pipa la pamoja yanakuja yamefungamana navyo, pamoja na nyuzi za sulfeti, vizibo na mara nyingine betri. Nyuzi za sulfeti ndizo mbaya zaidi. Zinajizungusha kwenye uma wakati wa kugeuza, zinakatikakatika, na kipande cha milimita chache hakuna chekeche litakalokikamata. Kikishaingia shambani kimeingia.

Uganda walianza kwa upana zaidi: mradi wa manispaa kadhaa, Mukono, Mbale na Kabale zikiwamo, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia na soko la hewa ukaa. Kule taka zilifika uwanjani zimechanganyika, zikachambuliwa kwa mikono. Nawaheshimu kwa kuthubutu, lakini kwa maoni yangu uchambuzi wa uwanjani ni kazi iliyoshindwa kabla ya kuanza. Kinachotenganishwa dakika ileile kinapoanguka chini hakigharimu kitu. Kikishachanganyika, unalipa watu, unalipa glavu, unalipa hospitali, na bado plastiki inabaki.

Kwa hiyo tumehamia Mbuyuni kwenyewe. Kina mama wa ndizi na mboga wamekubali kutengeneza lundo lao nyuma ya meza, bila pipa, juu ya turubai. Mama mmoja, anayeuza kabichi kutoka Uru, ndiye amejipa uaskari. Juzi alimpigia kelele kijana wa mahindi mpaka soko zima likageuka: "Wewe! Hilo ni chakula cha udongo, unatupia kifuko humo?" Tangu siku hiyo mizigo ya upande wake inakuja safi kuliko ya upande mwingine wote. Hatukumpa cheo. Alikitwaa.

Novemba

Vuli imekuja na nguvu. Hapa tumepata mtihani wa harufu.

Mvua ikiloweka lundo, maji yanakaa mahali pa hewa. Bakteria wanaopenda oksijeni wanakufa au wanalala, na wasioihitaji wanachukua zamu. Hao ndio wanaonuka mayai viza, na ndio wanaotoa methani. Ni jambo lilelile linalotokea dampo, isipokuwa kule linatokea siku zote, kwa sababu taka zimebanwa na kufunikwa. Karibu nusu ya gesi inayotoka dampo ni methani. Tani moja ya methani hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi ukihesabu miaka 100, na ukihesabu miaka 20 tu inafika kama mara 80. Lundo linalopumua linatoa zaidi kaboni dioksidi, ile ambayo mgomba na kabichi viliivuta kutoka hewani msimu uliopita. Tofauti ya kimazingira kati yetu na dampo ni hewa tu. Kwa hiyo lundo lililolowa likaachwa bila kugeuzwa haliwezi kujisifu: nalo ni dampo dogo lenye kibao kizuri.

Nimeliandika hilo kwa sababu tumepokea wageni wanaopenda kupiga picha kibao.

Dawa yenyewe ilikuwa mabua. Majani ya mitaani nayo yamelowa, hayanyonyi kitu. Lakini bondeni kwenye mpunga wa Lower Moshi, upande wa Mabogini, mabua ya mpunga yanachomwa baada ya kuvuna. Kirikuu imeshuka, imerudi imejaa hadi juu. Mabua yanafyonza, na yana ugumu unaoacha nafasi za hewa. Pumba za mpunga tumezijaribu pia. Hazina haraka ya kuoza, zimejaa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ila zinasaidia kulegeza. Malundo yamefunikwa kwa majani makavu juu na turubai lililoinuliwa pembeni ili hewa ipite. Harufu imeondoka. Nondo inachoma tena.

Januari

Mboji ya kwanza imeiva. Imekuwa nusu ya ujazo wa mwanzo au pungufu, rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, na harufu ya msituni baada ya mvua. Tumeichekecha kwa wavu wa kuku uliopigiliwa kwenye fremu. Vipande vikubwa vinarudi kwenye lundo jipya kama mbegu ya vijidudu.

Kabla ya kumpa mtu, tunaijaribu. Kopo moja mboji na udongo, kopo jingine udongo mtupu, na ndani yake maharage na nyanya. Siyo mahindi, na kuna sababu. Mwaka 2000 huko Spokane, jimbo la Washington, mboji ya manispaa iliharibu nyanya na maharage kwenye bustani za watu. Chanzo kilikuwa dawa ya magugu iitwayo klopiralidi, iliyopigwa kwenye nyasi za nyumbani. Dawa hiyo inaua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, na haiishi kwa joto la lundo kama dawa nyingine zinavyoisha. Mahindi ni jamaa ya nyasi, yatakuambia mambo shwari. Maharage yatakunja majani na kusema ukweli.

Maharage yetu yamesimama wima. Lakini tumeongeza swali getini: uwanja huu umepigwa dawa? Sehemu moja yenye nyasi nyingi za kupendeza walijibu kwamba aliyepiga ni fundi wa mkataba, jina la dawa hawalijui, chupa alienda nayo. Nyasi hizo hatuzichukui, hata zikiwa nyingi na mbichi na za kuvutia namna gani. Waziache palepale zilipofyekwa, zirutubishe uwanja wao wenyewe.

Februari

Mboji imeenda kwa wakulima wa mboga kandokando ya mto Karanga, na kidogo kwa vikundi vya kahawa vya Kibosho.

Hapa napenda tusidanganye. Kijana mmoja wa mchicha aliuliza kiroba kimoja cha mboji kinalingana na viroba vingapi vya yurea. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji kama yetu kwa kawaida ina asilimia moja hadi mbili, na sehemu ndogo tu ya hiyo inafunguka msimu wa kwanza. Anayeuza mboji akisema inachukua nafasi ya yurea mfuko kwa mfuko, anauza maneno. Tulimwambia hivyo, akashangaa, akanunua.

Kinachofanywa na mboji ni kingine. Udongo wenye mabaki ya viumbe hushikamana kwa chembe, maji ya mvua yanazama badala ya kutiririka, na jua la Februari halilikaushi tuta mpaka mchana. Kule Karanga wanamwagilia kwa ndoo na pampu ndogo, kwa hiyo mwenye tuta linaloshika maji anajua mwenyewe anavyookoa mgongo na petroli. Mama mmoja ametuonyesha matuta mawili ya sukuma wiki, lenye mboji na lisilo nayo. La kwanza analimwagilia asubuhi tu, la pili asubuhi na jioni. Si utafiti, ni tuta la mtu mmoja. Lakini ndiye aliyewaleta majirani zake.

Kwa mashamba ya chini zaidi tunakwenda polepole. Huko kuna maeneo yenye udongo wa chumvi, na mboji iliyojaa samadi nayo ina chumvi zake. Malundo ya kwenda huko tunapunguza samadi, tunaongeza majani.

Machi

Masika yanabisha hodi. Turubai zote zimekaguliwa, mfereji wa juu umezibuliwa, mabua ya mpunga yamewekwa chini ya paa.

Tumekaa na watu wa manispaa. Swali lao la kwanza lilikuwa la mauzo: mnauza kiasi gani kwa mwezi? Ni swali la haki, fedha ni fedha, lakini tumewaomba wasilifanye kuwa la kwanza. Mboji ikiuzwa vizuri huku mageti yakiendelea kufuka moshi, manispaa haijapata kitu. Bei ya kiroba hailipi gharama ya kirikuu hata ukiipandisha, na haitalipa. Kinacholipa kiko upande wa pili wa daftari: safari za gari la taka ambazo hazikwenda dampo, shimo ambalo halikujaa mapema, mtaro ambao haukuzibuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo akiba hiyo ni yao, si yetu. Sisi tunaitengeneza, wao wanaipokea, na ni halali waichangie.

Ofisa wa afya alielewa haraka kuliko tulivyotegemea. Aliomba tuonyeshe kwa uzito na si kwa maneno: kila mzigo upimwe unapoingia, majani kando na soko kando. Mizani ya kununulia kahawa tutaazima kwa kuanzia.

Tulichokubaliana ni kwamba Jumanne iwe siku ya majani kwa Rau na Shanty Town, Alhamisi Soweto, na Mbuyuni kila asubuhi kabla ya saa mbili. Gari la taka la kawaida halitapokea kiroba cha majani siku hizo, ili kijana wa bustani asiwe na njia mbili. Wenyeviti wa mitaa watatangaza kwenye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati watu wako nje na fagio mkononi.

Ambacho hatujakubaliana ni dizeli. Wanasema bajeti imeshapita, tusubiri Julai. Sisi tunasema majani hayasubiri Julai. Tumeambiwa tuandike barua yenye mchanganuo wa lita kwa kila njia, na Alhamisi hii dereva anaanza kuandika kilomita kwenye kadi.